Mvinyo wa Dodoma: Sifa Inajengwa Shambani



Kuzungumzia zabibu mjini Morogoro ni kama kuwahubiria wavuvi habari za ngamia. Mawingu ya Uluguru hayataki mzabibu. Upande wa mashariki wa milima hii mvua huzidi milimita 2,000 kwa mwaka, na unyevu wa namna hiyo ndio unaoleta ubwiri kwenye majani na matunda. Lakini vuka Gairo uingie Ugogoni, mkoani Dodoma: mvua ni kama milimita 600, tena karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Ukame uliowaletea Wagogo njaa nyingi ndio huohuo unaoufaa mzabibu.

Wamisionari Wakatoliki kutoka Italia waliupanda Bihawana mwaka 1957, wakihitaji divai ya misa. Kilimo kikasambaa vijijini, na aina ya zabibu nyekundu inayolimwa sana huko ikabeba jina la Makutupora, kilipo kituo cha utafiti.

Ulaya mzabibu hulala majira ya baridi. Dodoma haulali, mkulima ndiye anayeupangia ratiba kwa mkasi. Akiupogoa, unachipua upya, naye anavuna mara mbili, karibu na Machi na tena Agosti hadi Septemba. Tunajivunia hilo, na tuna haki. Ila mavuno mawili yanadai mnunuzi mara mbili, na zabibu iliyoiva haisubiri kikao cha bodi. DOWICO, kampuni ya umma ya mvinyo, iliposambaratika miaka ya 1990, wakulima walibaki na mashamba yasiyo na soko la uhakika. Baadaye vilikuja viwanda binafsi, CETAWICO ya Hombolo kimojawapo, na siku hizi wapo wakulima wanaokamua wenyewe na kuuza mchuzi wa zabibu badala ya kuuza zabibu zenyewe. Kwangu hiyo ndiyo hatua kubwa kuliko tuzo yoyote: mchuzi ukihifadhiwa vizuri kwenye tangi, mwenye shamba hauzi tena kwa hofu ya kuozewa.

Serikali nayo hutoza ushuru mdogo kwa mvinyo wenye zabibu za nchini zaidi ya asilimia 75. Ni sera nzuri. Hata hivyo, unafuu wa kodi hauleti sifa. Sifa hutaka muda: Rasi ya Afrika Kusini ilikamua mvinyo wake wa kwanza mwaka 1659. Sisi hatujafikisha hata miaka mia.

Najua wengi humu hamtumii kilevi, wala siwashawishi. Naongea na wenye hoteli. Treni ya SGR imefika Dodoma tangu 2024, na wageni wanapita hapa. Wekeni chupa ya Dodoma mwanzoni mwa orodha, na mkidai kiwandani waandike kijiji zabibu zilikotoka, mtakuwa mmemlipa mkulima kwa jina lake.