Mgonjwa Huyu Yafaa Aulizwe

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama

Kamati imetutaka tuseme juu ya ndugu zetu ambao moyo umelegea na kushindwa kazi, na jinsi ya kuwashauri ili wajitunze nyumbani. Twashukuru kwa nafasi hii, kwa maana jambo lenyewe limekwisha kuingia katika nyumba zetu.

Kwanza tuyafahamu maradhi. Moyo ni pampu. Pampu ya kisima ikilegea, maji hayafiki tangini. Vivyo hivyo moyo ukilegea, damu haisukumwi ipasavyo, na maji ya mwili hubaki miguuni, tumboni na katika mapafu. Ndipo mtu huvimba miguu, hukosa pumzi akipanda kilima kidogo, na usiku hapati usingizi ila ameinuliwa juu ya mito miwili au mitatu. Wako wasemao kwamba amerogwa. Sivyo. Mwaka 2012 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa 1,006 katika nchi 9 za Afrika, Kenya ikiwa mojawapo. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52 tu, na chanzo kilichowapata wengi kuliko vyote kilikuwa shinikizo la damu. Kabla ya siku 180 kupita, karibu wagonjwa 18 katika kila 100 walikuwa wamekufa. Basi maradhi haya hayangoji uzee. Humchukua baba au mama ambaye bado ana watoto shuleni.

Daktari hutimiza wajibu wake, lakini siku za mgonjwa hospitalini ni chache, na zilizobaki zote ni za nyumbani. Huko kazi ni yake mwenyewe. Yampasa anywe dawa kila siku, hata siku anayojiona mzima. Yampasa ajipime uzito kila asubuhi, baada ya kwenda haja na kabla ya kula. Akiongezeka zaidi ya kilo 2 kwa siku 3, hayo si mafuta bali ni maji, na aende zahanati bila kukawia. Yampasa apunguze chumvi. Hata kwa mtu mzima wa afya yashauriwa isipite gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kisichojaa. Na magadi tunayotia ili maharagwe yaive upesi nayo ni ndugu yake chumvi. Tena asijinunulie dukani vidonge vya maumivu ya viungo bila kumwuliza daktari, kwa maana vingi huzuia maji mwilini.

Hayo yote wagonjwa wetu wameambiwa. Mbona basi wengine hurudi wodini wamevimba kama awali?

Wazee wetu, hapa hatuna budi kukiri kosa letu. Tulipokwenda kuwazuru wagonjwa, tulikwenda na kuni, unga na makaripio. Tulimwambia mtu, “Ulikatazwa chumvi, nawe wala! Wataka kuwaacha watoto yatima?” Naye aliinamisha kichwa, akaitikia, “Ndiyo, nimesikia.” Tukaondoka tumeridhika, naye akabaki vile vile. Wahenga walisema, mgonjwa haulizwi uji. Kwa mtu wa homa aliyelala hajiwezi, neno hilo ni la hekima: mpe tu. Lakini huyu wa moyo huenda akaishi na maradhi yake miaka mingi, na kila asubuhi ni yeye atakayeamua kunywa dawa au kuiacha. Huyu yafaa aulizwe.

Iko njia ya kuuliza iliyofanyiwa utafiti. Mwaka 1983 mwanasaikolojia wa Marekani, William R. Miller, aliandika juu ya kuzungumza na watu walioshindwa na pombe. Alionyesha kwamba mtu akibishiwa hujitetea, na kila ajiteteapo huzidi kushika njia yake ya zamani. Lakini akisikilizwa, huzitaja sababu zake mwenyewe za kubadilika, nazo ndizo humsukuma. Mwaka 1991 yeye na Stephen Rollnick walitoa kitabu juu ya njia hiyo, na tangu hapo imetumiwa kwa wagonjwa wa namna nyingi, hata wa moyo.

Tutoe mfano, si wa mtu fulani. Tuseme mzee mmoja ameacha dawa ya kukojosha. Muuguzi hamgombezi, bali humwuliza, “Baba, maradhi haya yamekunyima jambo gani ulilolipenda?”

“Mwanangu, nilikuwa nikiwapeleka mbuzi mtoni. Sasa nafika kwenye mwembe tu, pumzi zaniishia.”

“Kwa hiyo wapenda ufike tena mtoni. Na dawa je, yakusumbua vipi?”

“Siku ya soko naabika garini. Dereva hasimami kila nitakapo.”

Tazameni, wanachama. Hakuwa mkaidi wala mjinga. Alikuwa akilinda heshima yake. Muuguzi akamwambia, “Akiruhusu daktari, siku ya soko twaweza kusogeza saa ya dawa hadi utakaporudi. Waonaje?” Kisha akauliza juu ya chumvi: “Kutoka 0 hadi 10, wajiamini kiasi gani kwamba utaweza kuipunguza?”

“Labda 3.”

“Mbona 3, wala si 0?”

“Kwa sababu mama watoto akitia nyanya na dania kwenye muthokoi, naweza kula hata chumvi ikiwa kidogo.”

Neno hilo limetoka kinywani mwake mwenyewe. Kesho hatakuwa akitii amri ya mtu. Atakuwa akilishika neno lake.

Mfano huo umemtaja mpishi, na kwa haki. Mwaka 2020 yalitangazwa matokeo kutoka Italia, ambako wagonjwa wa moyo 510, kila mmoja pamoja na mtu wa kumtunza, waligawanywa makundi matatu. Kundi moja wagonjwa walishauriwa kwa njia hii. La pili walishauriwa wagonjwa na watunzaji wao. La tatu walipata huduma ya kawaida. Walioshauriwa walijitunza vizuri zaidi, na ilielekea kwamba mtunzaji akishirikishwa, faida yaweza kuzidi. Hatusemi kwamba maneno huponya moyo uliolegea. Twasema kwamba dawa isiyonywewa haimfai mtu, na maneno mema huifikisha dawa kinywani.

Ila tusikosee mahali pamoja. Mgonjwa akikosa pumzi hali ameketi, akizimia, au kifua kikimbana, hapo hakuna mazungumzo: apelekwe hospitali mara moja.

Sisi wa nchi hii twaijua mwethya. Kwa mwethya tumechimba mitaro ya kuzuia mmomonyoko na kujenga mabwawa, kwa kuwa mkono mmoja haukuweza. Twaomba basi Mkutano huu ukubali mambo matatu. Kwanza, kila kikundi kichague mtu mwenye subira wa kuwazuru wagonjwa wa moyo, afanye kazi pamoja na wahudumu wa afya ya jamii, ambao tangu mwaka 2023 Serikali iliwagawia mikoba yenye vifaa vya kupima shinikizo la damu. Pili, kila kikundi kinunue mizani moja ya kupimia uzito, izunguke kwa wasio nayo. Tatu, na hili halina gharama, kila mmoja wetu akienda kumwona mgonjwa, aulize kwanza, anyamaze, asikilize, ndipo aombe ruhusa ya kushauri.

Wazee, neno lenu lina uzito. Mkimkemea mgonjwa, atawaficha uvimbe wake mpaka usiku wa mwisho. Mkimwuliza, atawaonyesha miguu yake mapema, wakati ambapo zahanati yaweza kumsaidia. Hiari yashinda utumwa.