Mama Mraibu na Mkunga Wake



Kwa kuwa desturi humruhusu profesa mpya kuchagua kadhia iliyo karibu na moyo wake, nimechagua kadhia ya mwanamke mja mzito aliyetekwa na heroini, hususan yule wa mitaa ya Kawangware na Kibera, Nairobi, na namna anavyopokewa na sisi tuliokula kiapo cha kumhudumia. Rai yangu naitaja mapema, msikilizaji asihangaike kuitafuta: dharau anayoonyeshwa mama huyu na wauguzi, wakunga na matabibu ni kosa la kitabibu kama lilivyo kosa la kumpa mgonjwa dawa isiyokuwa yake, kwa maana madhara yake huonekana katika mwili wa mama na wa mtoto, na kwa hivyo lapasa kurekebishwa kwa utaratibu ule ule tunaorekebishia makosa mengine ya kazi yetu.

Heroini iliingia pwani yetu katika miaka ya 1980, na kufikia mwaka 1995 watu wa Malindi walikuwa wamekwisha kuona haja ya kuanzisha Omari Project ili kuwatibu vijana wao. Kutoka huko unga huo wa heroini ulipanda bara hata ukatia mizizi katika vichochoro vya Nairobi. Uchunguzi uliofanywa katika jiji hili mwaka 2011 miongoni mwa watu wanaojidunga ulionyesha kwamba takriban 18 katika kila 100 walikuwa na virusi vya UKIMWI, lakini ulipowatazama wanawake peke yao, hesabu ilipanda ikapita 40 katika kila 100. Wanawake hao ni wachache katika maskani za waraibu, na uchache wenyewe ndio unaowaponza, kwa kuwa mwanamke aghalabu hudungwa baada ya mwanamume na kwa sindano ile ile, na pesa za kete huzipata kwa kuuza mwili.

Mtazameni mmoja wao anapofika kliniki asubuhi. Huenda mimba imekwisha kupita mwezi wa 6, kwa kuwa heroini huvuruga hedhi hata asijue alishika mimba lini, na hata akijua huchelea kuja. Amevaa sweta ya mikono mirefu ilhali jua ni kali, maana muuguzi akitaka kumpima presha atauona mkono. Kete ya alfajiri yaanza kumwisha mwilini, foleni haijasogea, na kabla ya saa 5 arosto imemkamata: pua inachuruzika, anapiga miayo, mifupa inamuuma, tumbo linasokota. Walioketi naye kwenye benchi wanasogea kando. Akijipa moyo akaomba atangulizwe, hujibiwa mbele ya watu kwamba teja hana haraka, na kwamba hayo angeliyafikiria kabla ya kubeba mimba. Kisha neno hilo hilo la mtaani huandikwa juu ya kadi yake, ili kila atakayeishika, wa maabara, wa chumba cha dawa na wa wodi ya uzazi, aanze kumchukia kabla hajamwona uso. Akina mama wa namna hii aghalabu hawangoji kuitwa. Huinuka wakaenda zao, na hospitali huwaona tena usiku wa uchungu, au isiwaone kabisa.

Akiondoka hivyo, amekosa kipimo cha UKIMWI na dawa za kumkinga mtoto, amekosa kupimwa kaswende na upungufu wa damu, na amekosa barua ya kumpeleka kwenye methadoni, dawa itolewayo badala ya heroini. Hapa ndipo ujinga wetu unapoungana na dharau yetu. Muuguzi humwambia, tena kwa nia njema, “Acha kwanza, ndipo uje.” Nasaha hiyo ina hatari, kwa kuwa kuikata heroini ghafula huweza kumtesa mtoto tumboni, na mama mara nyingi huirudia. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2014 likieleza wazi kwamba mja mzito wa namna hii ahimizwe kutumia methadoni au buprenofini badala ya kujaribu kuacha kwa nguvu, na kwamba anyonyeshe. Mtoto huenda akazaliwa akitetemeka, akilia kilio chembamba na kushindwa kunyonya. Hali hiyo ina tiba, nayo ni chumba tulivu, ngozi ya mama na ziwa lake, na ikizidi, matone ya morfini. Kumtenga na mamaye, jambo tulifanyalo kana kwamba ni adhabu ya haki, humnyima mtoto dawa ya kwanza.

Wala sitaki kuwadhulumu wauguzi, ambao wengi wao ni wanafunzi wangu. Mtu mmoja aliyekabidhiwa chumba cha wajawazito, naye hakufundishwa uraibu chuoni ila kwa kupita tu, akiogopa kuibiwa simu na akiamini kwamba sheria ya mihadarati ya mwaka 1994 yamtaka amwone mgonjwa huyu kama mhalifu, hawezi kugeuzwa na hotuba. Hugeuzwa na mafunzo na mpango wa kazi. Tunalijua hili kwa ushahidi wa nchi yetu wenyewe: mradi wa Heshima, uliofanya kazi katika vituo 13 kuanzia mwaka 2011, ulikuta mama 1 katika kila 5 akisema alidhalilishwa wakati wa kujifungua, wauguzi wakakalishwa kuzichunguza dhana zao, wakapewa ushauri kwa uchovu na huzuni zao wenyewe, wajawazito wakaalikwa kuitembelea wodi kabla ya siku yao, na idhilali ikashuka kutoka 20 hadi 13 katika kila 100. Mradi huo haukuwalenga waraibu, lakini njia yake yawafaa, nami ningeongeza kwamba mama aliyekwisha kupata ahueni aketi darasani awasimulie wauguzi jinsi alivyopokewa, kwa kuwa sijaona somo lenye taathira kubwa kuliko hilo.

Liko pia suala la mwendo. Methadoni ilianza kutolewa Muhimbili, Dar es Salaam, Februari 2011, na hapa kwetu katika hospitali ya Mathari, Desemba 2014, kisha ikafika kliniki ya Ngara. Kwa kawaida mgonjwa huinywa kikombeni mbele ya mtoaji, kila siku. Basi mama wa Kabiro, huko Kawangware, na tumbo lake la miezi 8, apande matatu ya 46 hadi mjini, aende Ngara, arudi, kisha apange foleni nyingine ya kliniki ya wajawazito mtaani, ambako hakuna ajuaye anatumia dawa gani. Nani kati yetu angeliweza?

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, imempa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya, uzazi ukiwemo, na Machi 2018 Mahakama Kuu mjini Bungoma iliamuru mama aliyejifungulia sakafuni, akatukanwa na kupigwa, alipwe shilingi milioni 2.5. Mama mraibu ana haki iyo hiyo, ila yeye hana wa kumshika mkono hadi mahakamani.

Kwa hiyo naisihi Serikali ya Kaunti ya Nairobi ianze na kituo kimoja cha Kabiro na kimoja cha Kibera, methadoni na kliniki ya wajawazito viwe chini ya paa moja, na kadi zisiandikwe ila maradhi na tiba. Navisihi vyuo vya uuguzi vitahini somo la kumhudumia mama mraibu kama vinavyotahini chanjo. Na chuo hiki nakiomba kinipe wanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa 3, niende nao Kabiro muhula ujao.