Panya Hajawahi Kuugua Ugonjwa wa Bwera: Majani Machungu na Mafuta ya Damu katika Kisukari



Katika kikao kimoja cha wataalamu niliuliza hivi: mgonjwa wa kisukari wa kwetu Bwera akinywa kila siku maji ya mubirizi, mti wetu wa majani machungu, mafuta ya damu yake yanashuka au hayashuki? Mwenzangu mmoja, msomi ninayemheshimu, akasimama akasema swali hilo limekwisha kujibiwa, makala zimejaa makabati, na kila makala ina panya wake waliopona. Ukumbi ukapiga makofi. Nilitoka na makofi yale masikioni, na leo nimekuja kuyajibu.

Ugonjwa wenyewe mnaujua, sitawachosha. Katika kisukari cha aina ya pili mwili hauisikii insulini, ini linamwaga trigliseridi kwenye damu, lehemu nzuri inapungua, lehemu mbaya inakuwa ndogondogo na kujipenyeza kwenye kuta za mishipa. Wagonjwa wengi wa aina hii huuliwa na moyo au kiharusi.

Sasa tumtazame huyo panya. Anadungwa aloksani, kemikali inayoua seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Kwa siku chache insulini inamwishia, mafuta yaliyohifadhiwa mwilini yanafunguka na kumiminika kwenye damu. Ukimnywesha dondoo yoyote inayomrudishia insulini kidogo, au hata inayomfanya ale kidogo kwa sababu ya uchungu, mafuta yale yatapungua. Mwandishi anaandika: dondoo inashusha mafuta. Lakini shangazi yangu wa Bwera, mgonjwa wa kisukari, hakudungwa sumu. Kongosho lake lilikuwa likifanya kazi, tena kwa kujichosha.

Kuna jambo zito zaidi. Binadamu ana protini inayobadilishana mizigo kati ya chembe za mafuta: inachukua trigliseridi huku, inaipeleka kwenye lehemu nzuri kule, na ndipo lehemu nzuri inapopungua. Panya hana protini hiyo. Lehemu yake nyingi husafiri ndani ya chembe zile tunazoziita nzuri. Hata mfuko wa nyongo hana. Tumemwomba mnyama atoe ushahidi wa ugonjwa ambao mwili wake hauwezi kuuunda.

Kama bado mna shaka, twendeni Japani. Akira Endo alipekua aina za kuvu zipatazo 6,000, na mwaka 1973 akapata kompaktini kutoka kwenye kuvu la buluu lililoota kwenye mchele wa duka moja la nafaka mjini Kyoto. Hiyo ndiyo mama wa statini zote, dawa za kushusha lehemu. Endo na wenzake wakawapa panya. Lehemu haikushuka. Dawa ilikaribia kutupwa, mpaka Endo alipopata kuku wa mayai mwaka 1976, na kwa kuku lehemu ikaporomoka. Statini ya kwanza iliruhusiwa Marekani mwaka 1987. Mwaka 2004 utafiti wa CARDS, uliofanywa kwa wagonjwa 2,838 wa kisukari, ulionyesha kwamba miligramu 10 za atovastatini kwa siku zilipunguza mishtuko ya moyo na viharusi kwa zaidi ya theluthi moja. Shahidi aliyeikana dawa hii ndiye ambaye mwenzangu anataka atufungie kesi ya mubirizi.

Kisha kipimo. Panya hupewa, tuseme, miligramu 400 za dondoo kwa kila kilo ya uzito. Kwa kanuni ya kawaida tunagawa kwa 6.2, na mtu wa kilo 60 atahitaji karibu gramu 4 za dondoo kavu. Kama majani makavu yanatoa sehemu moja ya kumi, hiyo ni gramu 40 za majani makavu kila siku. Na dondoo hiyo ililowekwa katika methanoli, ilhali bibi yangu alichemsha kwa maji. Hizo ni dawa mbili, zimepewa jina moja tu.

Bibi yangu alipanda mubirizi kuwa uzio wa nyumba, juu kidogo ya Bwera. Waganda huuita mululuza, wanabotania Vernonia amygdalina. Alitupa kwa homa na kwa tumbo. Kwa mafuta ya damu hakumpa mtu kamwe, maana nani aliyeyapima mafuta ya damu wakati ule? Leo wauzaji wenye vipaza sauti hapo Mpondwe, jirani na Bwera, wanasema ni dawa ya mafuta tangu mababu. Wanamwekea bibi maneno mdomoni, na hilo linaniumiza.

Mmoja wao alimuuzia shangazi chupa, naye akaacha kidonge chake cha usiku. Baadaye akapimwa mahali fulani akiwa amekwisha kunywa chai ya maziwa na sukari. Trigliseridi zilipita miligramu 400 kwa desilita, lakini lehemu mbaya ilionekana imeshuka sana, na muuzaji akashangilia. Lehemu ile haikupimwa. Ilipigiwa hesabu kwa kanuni ya Friedewald ya mwaka 1972, inayotoa trigliseridi iliyogawanywa kwa tano. Trigliseridi zikipita 400 kanuni hiyo haifai tena, na kadiri zinavyopanda ndivyo lehemu mbaya inavyoonekana ndogo kuliko ilivyo. Shangazi aliambiwa amepona kwa sababu ya hesabu isiyofaa.

Je, tuutupe mti? La hasha. Hapa niruhusuni nimkumbuke mtu ambaye maandishi yake nayasoma kila mwaka na wanafunzi wangu: Mohamedi Seifu Kalunde, afisa wa hifadhi na mjuzi wa dawa wa Kitongwe, kutoka Mahale, kando ya Ziwa Tanganyika. Novemba 1987 yeye na Michael Huffman walimfuata sokwe jike aitwaye Chausiku, mgonjwa, asiye na nguvu ya kucheza na mwanawe. Chausiku akauendea mti huu huu, Watongwe wanauita mjonso. Akabandua gome, akatupa majani, akatafuna kiini cha tawi, akafyonza maji yake na kutema makapi. Kesho yake akawa mzima. Kalunde ndiye aliyemwambia mgeni wake kwamba hiyo ni dawa ya kwao, na makala yao ya mwaka 1989 ina majina yote mawili. Baadaye wakemia wa Kyoto walikuta vernodalini, iliyo sumu, kwenye majani na magome, na kidogo sana kwenye kiini. Sokwe alijua sehemu. Kalunde alijua sehemu. Makala ngapi za panya zinaeleza jani lilichumwa lini, changa au pevu, na nani aliyemwelekeza mchumaji?

Mimi naamini jani hili lina kitu. Naamini uchungu wake unafanya kazi tumboni, pale nyongo inaposhika mafuta, kabla hata ya kufika kwenye damu. Nimeupima ushahidi wote na hautoshi; imani yangu imebaki palepale. Kwa hiyo napendekeza jaribio la watu, Bwera, miezi sita. Kila mgonjwa abaki na statini yake. Kwa kura, nusu wanywe maji ya mubirizi yaliyochemshwa na nusu wanywe maji mengine machungu yasiyo na jani hilo. Damu ichukuliwe kabla ya kula, lehemu mbaya ipimwe moja kwa moja, ini na figo zikaguliwe kila mwezi. Waganga wetu wakae mezani tangu siku ya kwanza, na majina yao yaandikwe juu ya makala.

Bibi alichuma majani ya chini, yaliyokomaa, kabla jua halijapanda. Nataka tuanze na hayo.