Njia ya Shule, Ushuru wa Kahawa na Kalamu ya Katibu

Maelezo yaliyotolewa katika semina ya makatibu wa vyama vya msingi



Mada iliyopangwa kwa saa hii ni utunzaji wa vitabu vya chama. Mada hiyo haikuachwa, ila itaanzia mahali ambapo pengine hapakutazamiwa: kwenye kivuko cha magogo mawili juu ya mto mmoja wa miteremko ya Kilimanjaro. Watoto hukivuka asubuhi kwenda shule, na msimu wa mavuno wakulima hukivuka na magunia ya kahawa kichwani kuelekea ghala la chama.

Chama chenyewe hakitatajwa jina, kwa kuwa yaliyokipata yanaweza kukipata chama chochote kilichowakilishwa humu ukumbini. Masika yalipofika, mto ulichukua gogo moja. Likabaki moja, jembamba na lenye utelezi. Njia nyingine ilikuwa kuzunguka kwa barabara ya gari, mwendo wa karibu saa nzima kwa mtoto. Ni mtoto gani wa Darasa la Pili atakayezunguka saa nzima na hali darasa analiona ng'ambo? Walivuka kwa gogo. Mmoja wao aliteleza, akabebwa na maji hatua kadhaa, akanaswa kwenye mizizi ya mti, akatolewa na mama aliyekuwa akikata majani ya ng'ombe. Alivunjika mkono. Laiti mama yule angalikuwa amekwisha kurudi nyumbani, habari hii ingesimuliwa kwa sauti nyingine.

Mwalimu Mkuu aliandika barua kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji. Kijiji hicho hakikuwa na Mtendaji wake. Nafasi ilikuwa wazi, na aliyekaimu alikuwa Mtendaji wa kijiji jirani, akigawanya siku zake katika ofisi mbili. Wanachama wengi humlaumu Mkurugenzi wa Halmashauri kwa jambo kama hilo, nao hawajui kwamba Halmashauri ya Wilaya haiajiri mtumishi wa kudumu kwa hiari yake yenyewe, bali hungoja kibali cha ajira kutoka Serikali Kuu. Hata hivyo kungoja kibali si sababu ya barua kulala mezani. Ilipofika wilayani hatimaye, jibu lilikuwa kwamba barabara zimehamishiwa kwa Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, tangu mwaka 1917 na 100, kama mzee mmoja alivyotania mkutanoni, maana yake 2017. Wakala nao ulijibu kwamba njia ya miguu haimo katika orodha ya barabara zake, hivyo ni ya kijiji. Kijiji kikasema sanduku lake ni tupu. Kila aliyejibu alijibu kwa haki ya ofisi yake, na barua ikawa imerudi ilikotoka.

Wakati huo huo shule ilikuwa na shida ya pili. Stoo ya chakula cha watoto ilivunjwa usiku. Mlinzi wa zamani alikuwa akilipwa kwa michango ya wazazi. Lakini tangu mwaka 2016, Serikali ilipoanza kutekeleza elimu ya msingi bila malipo na kukataza michango ya lazima, malipo yake yalikoma, naye akaenda zake.

Ndipo Bodi ya chama ilipokutana ghalani, jioni, bila taarifa ya maandishi na bila muhtasari. Wajumbe walikuwa wazazi. Walikubaliana kwa kauli moja kununua mbao na misumari, kumlipa fundi, na kumlipa mlinzi wa shule kila mwezi, fedha zitoke katika akaunti yaliyomo malipo ya pili ya wakulima. Katibu akaandika hati ya malipo, akatia sahihi. Kivuko kikasimama ndani ya wiki moja.

Ukaguzi ulipofika, swali lilikuwa fupi: ni mkutano gani ulioidhinisha? Hapakuwa na muhtasari. Makisio ya mapato na matumizi yaliyopitishwa na Mkutano Mkuu hayakuwa na kifungu cha kivuko wala cha mlinzi. Kwenye Mkutano Mkuu uliofuata, wanachama wa upande wa juu wa kijiji, ambao watoto wao hawapiti mto ule, waliuliza kwa nini malipo yao ya pili yamepungua. Swali lao lilikuwa halali kabisa. Katibu alisimama peke yake mbele ya watu, kwa kuwa sahihi ilikuwa yake, na wajumbe waliokubaliana ghalani wakatazama chini.

Yapasa isemwe wazi kwamba Katibu yule hakuiba hata senti moja. Mbao zilionekana, misumari ilionekana, watoto walionekana wakivuka. Lakini fedha ya mkulima iliyo ghalani si fedha ya chama, sembuse ya Bodi, ni amana. Huruma haifanyi amana kuwa mali ya aliyewekewa. Na kosa la pili, ambalo wakaguzi aghalabu hawaliandiki katika taarifa zao, lilikuwa kubwa kuliko la kwanza: chama kililipa mara ya pili kwa jambo ambalo wanachama wake walikwisha kulilipia.

Walilipia kwa njia gani? Kwa ushuru wa mazao. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Na. 9 ya mwaka 1982, ndiyo inayoipa Halmashauri mamlaka ya kutoza ushuru huo. Mwaka 2017 kiwango kilichokuwa kinafikia asilimia 5 kilishushwa hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara. Kisheria mlipaji ni mnunuzi, lakini hakuna mkulima asiyejua kwamba mnunuzi hupanga bei yake akiwa tayari amekwisha kuuhesabu ushuru. Chama kikiuza kahawa ya shilingi 100,000,000 katika msimu, asilimia 3 yake ni shilingi 3,000,000. Hesabu hiyo haihitaji mtaalamu. Inahitaji kitabu cha mizani kilichoandikwa vizuri.

Hapa inafaa kukumbuka historia kidogo. Halmashauri za Wilaya zilivunjwa mwaka 1972 chini ya mpango wa Madaraka Mikoani. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976. Vyote viwili vilirudishwa kwa sheria za mwaka ule ule, 1982. Mkulima aliishi miaka kadhaa bila chombo cha kumsemea sokoni na bila diwani wa kumsemea wilayani, na walioishi miaka hiyo wanafahamu barabara za vijijini zilivyokuwa. Vyombo hivi viwili vilirudi pamoja, lakini katika vijiji vingi havizungumzi. Katibu wa chama hupita mbele ya ofisi ya kijiji kila siku akiwa na daftari lenye takwimu ambazo diwani angezihitaji sana, na hakuna anayemwomba, wala yeye hazitoi.

Chama kilichosimuliwa kilijifunza hilo baada ya aibu. Katibu yule yule, ambaye wanachama walimsamehe kwa kura, alikaa na vitabu vyake akajumlisha misimu mitatu: kilo zilizopokelewa, mauzo, ushuru uliokatwa. Aliandika karatasi moja tu. Bodi iliipitisha, safari hii kwa muhtasari, na mwenyekiti wa chama akaisoma kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi ana haki ya kuhudhuria. Mkutano ukaazimia kivuko kiwe cha kudumu, na azimio likapelekwa kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni Diwani. Diwani hakuwa tena na barua ya malalamiko mkononi. Alikuwa na takwimu za fedha iliyotoka katika kata yake.

Halmashauri haikutoa kila kilichoombwa. Ilitoa saruji na nondo. Mawe, mchanga na nguvu za mikono vilitoka kwa wanakijiji kwa msaragambo, siku walizozipanga wenyewe kabla ya mvua za vuli. Kivuko cha mawe na zege kilisimama, chenye vyuma vya kushikia pande zote mbili, na kimo cha vyuma hivyo kilipimwa kwa mtoto wa Darasa la Kwanza. Jambo hilo la mwisho liliamuliwa na akina mama, na fundi hakulipenda kwa sababu lilimwongezea kazi.

Je, chama kisitoe kabisa? La hasha. Kujali jamii ni mmoja wa misingi saba ya ushirika iliyopitishwa huko Manchester mwaka 1995, na chama kisichojali watoto wa wanachama wake ni duka tu. Lakini kitoe kutoka katika ziada yake, kwa kifungu kilichomo ndani ya makisio yaliyopitishwa na Mkutano Mkuu, na risiti ya shule au ya kijiji ibaki ndani ya faili. Fedha ya malipo ya mkulima isiguswe hata mto ukifurika hadi mlangoni mwa ghala. Dharura ikitokea, Mkutano Mkuu maalumu unaweza kuitishwa. Watu waliokutana kwa mazishi kwa taarifa ya siku moja hawatashindwa kukutana kwa kivuko.

Kuhusu mlinzi, makatibu wawe waangalifu zaidi. Chama kinachomlipa mtu kila mwezi kinaweza kuhesabiwa kuwa mwajiri wake, hata kama analinda jengo la shule. Akiumizwa na wezi, au akidai mchango wake wa hifadhi ya jamii, mlango atakaoubisha ni wa chama. Katika kijiji kilichosimuliwa, jambo hilo halijapata ufumbuzi. Kamati ya Shule imependekeza wazazi wachange kwa hiari. Wapo wanaochanga na wapo wasiochanga, na mlinzi hulinda miezi ambayo fedha imefika. Mwaka 1994 wasichana zaidi ya 40 walikufa kwa moto bwenini katika Shule ya Sekondari ya Shauritanga, Rombo, katika mkoa huu huu wa Kilimanjaro. Kwa sababu hiyo, wazazi wa sehemu hizi hawalichukulii kwa wepesi swali la nani aliye macho usiku penye watoto. Shule inayozungumzwa hapa haina bweni, lakini swali limeulizwa kwenye mikutano miwili, na litaulizwa tena katika mkutano ujao wa kijiji, ambao Katibu wa chama amealikwa kwa barua.

Nafasi ya Mtendaji bado iko wazi. Sasa makatibu wafungue vitabu vyao vya mizani, kila mmoja ukurasa wa msimu uliopita, ili hesabu ya ushuru ifanyike hapa hapa kwa pamoja.