Swali Liamshalo Kijiji

Ndugu viongozi wa jumuiya,

Tukiwauliza wakulima wenzetu, "Je, kuna matatizo ya ardhi hapa?" wote hunyamaza, maana jirani anasikia. Basi ulizeni hivi: "Mwenye nyumba akifariki usiku huu, mjane wake atalima wapi kesho?" Au: "Kama mto wetu ungeweza kusema, ungemshtaki nani?" Swali la namna hii halimtaji mtu, bali humgusa kila mtu, hata bibi aliyeketi nyuma kabisa atanyosha mkono.

Yatakayosemwa yafikisheni kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, hapa kwetu Tanzania, inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi.

Ulizeni, kisha nyamazeni msikilize.