Maneno juu ya Mbegu za Miti ya Mwituni, Yaliyonenwa Rahaleo, Mtwara

Mmetutaka tuseme juu ya miti. Twajua ya kuwa watu wengi wakisikia habari ya miti hudhani wataambiwa tena, "Pandeni," nao huanza kusinzia. Leo hatukuja kusema hivyo. Twataka kuuliza neno jingine: huo mti unaoupanda, mbegu yake umeitoa wapi, na kwa mama wangapi?

Maana miti ya jina moja haiwi sawasawa, kama vile watoto wa mji mmoja wasivyo sawasawa. Mmoja huvumilia kiangazi, mwenzake hufa. Mmoja hupatwa na ukungu, na jirani yake haupati. Tofauti hizo zimo ndani ya mbegu. Wataalamu huziita utofauti wa vinasaba, yaani ule urithi ambao mti huupokea kwa baba na kwa mama. Jicho haliuoni. Msitu waweza kuonekana mnene na kijani, kumbe urithi wake umekwisha kupungua.

Mfano ulio karibu nasi ni mkorosho, ingawa si mti wa mwituni. Wareno waliuleta pwani hii kutoka Brazil, nasi tumeishi kwa huo. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilipata korosho tani 145,000 hivi; msimu wa 1986/87 zilikuwa tani 16,500 hivi tu. Sababu zilikuwa nyingi: watu walihamishiwa vijijini wakaacha mashamba yao, na bei ilikuwa mbaya. Lakini kati ya hizo sababu ulikuwamo ubwiriunga, ule unga mweupe unaoua maua. Basi mabwana wa utafiti wa Naliendele walifanya nini? Walitafuta katika mikorosho yenyewe, wakaona kwamba iko inayovumilia ugonjwa kuliko mingine, wakachukua vikonyo vyake na kuvibebesha. Kama mikorosho yote ingalikuwa ya tabia moja, wasingalipata cha kuchagua. Neno hili twaomba mlishike, kwa kuwa yote tutakayosema yanatoka hapo.

Sasa tuingie mwituni. Mvule mnaujua, milango na viti vingi vya nchi hii vimetoka kwake. Lakini si wengi wanaojua kwamba mvule una dume na jike: mti huu hutoa maua ya kiume tu, na ule maua ya kike tu. Popo na ndege hula matunda yake, nao ndio wapandaji wake. Mtu akiusaza mvule mmoja shambani kwa ajili ya kivuli, hufanya vema, na kivuli atakipata. Lakini ikiwa mwenzake hayuko karibu, hatapata uzao. Mzee yule mrefu husimama peke yake kama mtu aliyekwisha kuzika ukoo wake wote. Juu ya uwanda wa Rondo, upande wa Lindi, mvule ulikatwa sana katika karne iliyopita, na iliyotangulia kukatwa ni ile minene iliyonyooka.

Na hapo ndipo penye hasara isiyoandikwa katika daftari la mbao. Mkata mbao huuchukua mti ulio bora, huuacha uliopinda, na uliopinda ndio ubakiao kuwa mzazi. Ni mfano wa mkulima ale mtama wake mzuri wote, kisha apande ule wenye fukusi. Mwaka wa kwanza haoni neno. Mwaka wa kumi hulalamika kwamba ardhi imechoka!

Mpingo umepatikana na jambo hili kuliko miti mingi. Hukua polepole, miaka 70 hata 100 kabla ya kufaa kwa mbao, na moyo wake mweusi hutafutwa na wachongaji wetu wa Kimakonde, tena na mafundi wa Ulaya wafanyao zumari ziitwazo klarineti. Tangu Januari 2017 biashara ya mpingo kati ya nchi na nchi imewekwa chini ya mkataba wa CITES, na huko Kilwa vijiji vilipata mwaka 2009 cheti cha ulimwengu cha kuvuna mpingo kwa kipimo. Hayo ni mema. Lakini sheria ya kuhesabu magogo haisemi ni ukoo gani wa mpingo umekatwa.

Tena mpingo hauna pasipoti. Wamakonde wako kando zote mbili za Ruvuma, na miti iko vivyo hivyo. Mpaka wenyewe umekwisha kuhama: Kionga, kusini ya mlango wa mto, ilishikwa na Wajerumani mwaka 1894, Wareno wakaitwaa 1916, wala hakuna mti uliong'oka kumfuata bwana mpya. Kwa hiyo haifai Tanzania ihifadhi mpingo wake na Msumbiji wake kana kwamba ni miti miwili. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilipokubali mwaka 2013 mpango wa dunia juu ya urithi wa miti ya misitu, lilikuwa na shauri hilo pia, kwamba nchi jirani zishirikiane. Tangu 2017 machafuko ya Cabo Delgado yamefanya safari za ng'ambo kuwa ngumu. Basi iliyo upande wetu imekuwa amana kubwa zaidi.

Bahari nayo yafundisha neno lilo hilo. Mkondo mkubwa wa maji utokao mashariki hufika pwani karibu na Rasi ya Delgado, hapo hugawanyika, nusu ikaenda kaskazini kwetu na nusu kusini. Mkoko huotesha mche wake ungali juu ya mama; mche huanguka, huelea, na waweza kuchukuliwa mbali. Basi mikoko ya mlango wa Ruvuma, ambayo tangu mwaka 2000 imo katika hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi, imekaa penye njia panda ya maji. Nasi tukipanda palipokatwa, hupenda kupanda mkoko peke yake, kwa kuwa mche wake ni mrefu mfano wa kalamu na mtoto aweza kuuchomeka topeni. Mchu, mkandaa, msinzi, mkomafi na msikundazi husahauliwa. Hiyo si pwani iliyorudishwa; ni shamba la mkoko.

Mwataka kujua mwisho wa uzembe huu? Katika miaka ya 1930 mtaalamu mmoja, Schlieben, aliuokota katika nchi ya Lindi mti wa jamaa ya mwamba-ngoma, wenye maua mekundu na shina la miiba. Wenye elimu wakauita Erythrina schliebenii. Mwaka 1998 uliandikwa kuwa umekwisha duniani. Mwaka 2001 ukaonekana tena, ukahofiwa kupotea mara ya pili, na mwaka 2011 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakaukuta. Miti mikubwa haikufika 50. Tulifurahi, hakika. Lakini ukoo uliobaki na watu 50 umepoteza mambo mengi ambayo hakuna awezaye kuyarudisha.

Basi waalimu, neno lililo mikononi mwenu ni kitalu cha shule. Desturi ni kumtuma mtoto akalete mbegu, naye huenda kwenye mti ulio karibu na njia, hujaza mfuko, hurudi upesi ili acheze. Miche 500 ya shule nzima huwa ndugu wa mama mmoja. Kesho wataoana wao kwa wao. Yatupasa kufanya hivi: mbegu ziokotwe kwa mama wasiopungua 30, kila mmoja mbali na mwenzake kama hatua mia, wengine bondeni na wengine mlimani, na kila mama atoe kipimo kile kile, ndipo zichanganywe. Asiachwe mti kwa sababu ni mfupi, wala asichukuliwe mmoja tu kwa sababu ni mzuri. Mbegu za mbali zisiletwe ikiwa za karibu zipo, kwa kuwa za karibu zimekwisha kuzoea mvua yetu. Mkishindwa kupata mama wa kutosha, ulizeni kwa Wakala wa Huduma za Misitu, wenye kituo cha mbegu za miti Morogoro.

Na daftari liwepo: jina la mti, kijiji, mwezi, mwaka, na hesabu ya mama waliookotwa. Mwalimu akihamishwa, daftari libaki shuleni.