Unga Huu ni wa Mti Gani?

Leo tuongee dawa za mitishamba. Wala sijaja kuzisema vibaya. Ninachotaka ni kuuliza swali moja: ukipewa unga wa kahawia kwenye karatasi, unajuaje umetoka mti gani?

Mti ukiwa umesimama una majani, maua na matunda. Mzee anayeijua miti hapotei. Lakini mzizi ukishakaushwa na kutwangwa, hata yeye hubaki kunusa na kuonja tu.

Kosa la namna hii liliwahi kutokea Ubelgiji. Kuanzia mwaka 1990, kliniki moja mjini Brussels iliwapa wanawake waliotaka kupungua unene dawa zenye unga wa mitishamba ya Kichina. Mzizi uliotakiwa ni wa Stephania tetrandra, ambao Wachina huuita fang ji. Uliowekwa ni wa Aristolochia fangchi, yaani guang fang ji. Majina yanakaribiana, ila huo wa pili una sumu inayoharibu figo na kuleta saratani ya njia ya mkojo. Wanawake zaidi ya 100 waliharibika figo. Wengi waliishia kwenye mashine ya kusafisha damu au kupandikizwa figo ya mtu mwingine.

Sasa, kupima DNA tumezoea kusikia pale watu wanapobishana baba wa mtoto ni nani. Mimea nayo ina DNA. Mtaalamu huchukua unga kidogo, hutoa DNA yake, husoma mpangilio wa sehemu fulani, kisha huulinganisha na kumbukumbu za mimea inayojulikana. Mwaka 2009 wanasayansi walikubaliana kutumia sehemu mbili, rbcL na matK, kutambulisha mimea. Ile mizizi miwili ni ya koo tofauti kabisa, kwa hiyo kipimo hiki huweza kuitenganisha.

Lakini usidanganyike. Dawa iliyochemshwa sana inaweza kuwa imepoteza DNA yake. Tena DNA hukupa jina tu. Haikwambii unywe kiasi gani, wala kama humo wamesagia vidonge vya hospitali. Mmea wenye sumu, hata ukitambuliwa sawasawa, sumu yake iko palepale.

Najua, maabara hiyo hapo mtaani kwenu haipo. Basi wewe fanya hivi:

Uliza ni mti gani, na ni sehemu gani: mzizi, gome au jani?

Unga usio na jina wala mwenyewe wa kumuuliza, usiunywe.

Ukienda hospitali, usione aibu. Mwambie daktari ulichokunywa, mpelekee na mabaki yake.

Usingoje uumwe ndipo useme. Figo huharibika kimya kimya, na zikishaharibika hivyo hazirudi kama zamani.

Kuuliza si ujinga. Haya, nani ana swali?